Kiberenge kilivyotufungua midomo

Roboti yetu iliitwa Kiberenge. Jina alilitoa kijana wa kidato cha kwanza ambaye kwao ni karibu na reli. Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019 alikuwa bado mdogo, na anachokikumbuka kuliko treni yenyewe ni kile kigari cha mafundi wa njia kilichokuwa kikipita kukagua reli. "Sir, hii yetu haivuti behewa," aliniambia siku tulipofunga magurudumu. "Hii inafuata njia tu. Ni kiberenge." Hakuna aliyepinga.

Mwezi umepita tangu turudi kutoka Arusha kwenye mashindano ya roboti ya shule za sekondari. Kila ninapokutana na mzazi au mwalimu mwenzangu, swali ni lile lile: mlishika nafasi ya ngapi? Ya 7, kati ya timu 12. Nikijibu hivyo naona mtu ananipa pole, tena kwa moyo kabisa. Nashukuru, lakini sina msiba. Katika miaka 11 ya kufundisha fizikia sijawahi kuwa na muhula mzuri kama huu, na ndiyo maana nimeona niandike.

Nafundisha shule ya kutwa mjini Moshi. Karibu wanafunzi wangu wote wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza wanakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akinyoosha kidole mpaka anasimama juu ya dawati anakuwa bubu. Nikiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia ndiyo kwa sauti moja. Nikimtaja mmoja aeleze, anainuka, anatazama sakafu, anasubiri nimwambie akae. Walimu wenzangu wanaujua ukimya huo. Tumeuzoea kiasi kwamba tunauita nidhamu.

Klabu ya roboti ilipoanza, tulikuwa na wiki 10 mpaka siku ya mashindano, wanafunzi 14, na vifaa ambavyo hata mimi nilivifahamu nusunusu. Tulikutana Jumatano na Ijumaa, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, kwenye maabara ya fizikia. Siku ya kwanza niliwaambia: humu tunaongea Kiswahili. Sikuwa na mpango wowote mkubwa wa kubadili elimu. Nilichotaka ni muda usipotee mtu akitafuta neno. Wawili watatu waligeuka kuangalia mlango. Ziko shule ambako ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, na baadhi yao walishakivaa walikotoka.

Mashindano yenyewe nitayaeleza kwa ufupi. Roboti ndogo inawekwa juu ya meza yenye bango lililochorwa mstari mweusi. Inapewa sekunde 150 kufuata mstari, kukwepa vizuizi na kufikisha mizigo vituoni, na ikishawashwa hakuna kuiongoza kwa rimoti. Kila timu inacheza mara tatu, inahesabiwa mara yake bora. Sekunde hizo 150 waandaaji waliziazima FIRST LEGO League, mashindano yaliyoanza 1998 kwa ushirikiano wa kampuni ya LEGO na FIRST, taasisi aliyoianzisha Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989. Mbali na roboti, kila timu inaleta mradi: tatizo la kwao, na njia waliyoibuni ya kulitatua. Mradi unaelezwa chumbani, mbele ya majaji.

LEGO hatukuwa nazo. Tulikuwa na kibao cha plastiki chenye mota mbili za njano, bodi ya Arduino Uno, yaani kikompyuta kidogo cha kuongoza roboti, vihisi vichache ambavyo ndiyo macho na masikio yake, na furushi la nyaya. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasio na pesa nyingi wapate kitu cha kujifunzia, na mimi nawashukuru waliofikiria hivyo. Betri tulizipata kwa fundi simu wa karibu na stendi, aliyezitoa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Alipima moja moja kwa mita mbele ya watoto: hii volti 4.1 nzuri, hii 3.8 itafaa, hii 2.2 tupa kule, usiichaji kabisa. Halafu akawafundisha kulehemu. Maneno yake nimeyaandika ubaoni na sijayafuta: "Pasha waya, usipashe lehemu. Waya ukishapata moto utaiita lehemu wenyewe." Nilisomea ualimu miaka mitatu na sikumbuki kuambiwa jambo la joto kwa usafi wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye siku ninayoikumbuka kuliko zote.

Ilikuwa wiki ya nne. Kiberenge kilitakiwa kifike mwisho wa mstari, kisimame, kigeuke kulia nyuzi 90. Tuliandika programu kwa muda: mota moja iende mbele, nyingine irudi nyuma, kwa sekunde 0.6, kisha zizime. Jumatano kiligeuka vizuri mpaka tukashangilia. Ijumaa, programu ile ile, hatukugusa kitu, kikageuka nusu na kugonga ubao wa pembeni. Tukaongeza muda. Kikatulia. Jumatano iliyofuata kikapitiliza, kikageukia ukutani. Wavulana wakaanza kubishana. Huyu anasema mota mbovu, yule anasema meza haijakaa sawa, mwingine ameshafungua gurudumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nashuku programu.

Kulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyekaa pembeni akiwa ameshika ile mita. Nimemfundisha tangu anaingia shuleni, na nakiri kwamba sauti yake nilikuwa naijua kwenye kuita majina tu. Akasema, taratibu, kama anaongea na Kiberenge chenyewe:

"Betri imechoka."

Wakamgeukia. Akameza mate.

"Tochi ya bibi ikiwa na mawe mapya inamulika mpaka kwa jirani. Mawe yakichoka inamulika miguu yake tu. Lakini bibi anaiwasha muda ule ule. Hii nayo ni hivyo. Ijumaa tulikuwa tumeitumia sana. Leo imetoka kwenye chaji."

"Kwa hiyo tuwe tunachaji kila saa?" mmoja akauliza.

"Hapana. Tusihesabu muda. Tuhesabu gurudumu limezunguka mara ngapi."

Nilisimama pale na chaki mkononi. Kwenye mfuko wa vifaa kulikuwa na visahani viwili vya plastiki vyenye matundu, ambavyo hatukujua vya nini, tukaviacha. Vilikuwa vya kufungwa kwenye ekseli, na kihisi kidogo kinahesabu kila tundu linapopita. Tukavitoa, tukahesabu: matundu 20. Kipenyo cha gurudumu, sentimita 6.5. Akaandika ubaoni mwenyewe: 6.5 mara 3.14, mzingo ni sentimita 20.4. Gawanya kwa 20. Akanyamaza, akaangalia jibu, akaangalia rula iliyokuwa mezani.

"Sir, kila tundu ni sentimita moja. Gurudumu ni rula."

Kuanzia hapo sikusema kitu. Walipima umbali kati ya magurudumu mawili, sentimita 13. Wakachora duara sakafuni kwa chaki, wakaona kwamba Kiberenge kikigeuka papo hapo kila gurudumu linatembea kwenye ukingo wa duara lenye kipenyo cha sentimita 13, na robo ya duara hilo ni sentimita 10 na nukta kidogo. Tundu 10. Wakaandika, wakawasha. Kikageuka kulia, sawasawa, kikasimama. Wakaweka betri iliyochoka makusudi. Kikageuka polepole kama mzee anayeinuka kitini, lakini kikafika pale pale.

"Tundu kumi" ikawa salamu yao. Mpaka leo wakipishana korido mmoja anasema "tundu", mwingine anaitikia "kumi".

Nimelifikiria sana tukio lile. Kama ningemuuliza darasani, kwa maneno ya kitabu, nini hutokea kwa volteji ya betri inayotumika kwa muda mrefu, angeinuka, angetazama sakafu, ningemwambia akae. Na mwisho wa muhula ningeandika kwenye ripoti yake kwamba afanye bidii. Jibu alikuwa nalo tangu utotoni, nyumbani kwa bibi yake. Lilikuwa limekaa kwenye lugha ambayo mlangoni pa darasa langu ilikuwa haipiti.

Mradi wao nao ulitokea huko huko nyumbani. Majadiliano ya kwanza yalikuwa ya kuazima tu: taa za barabarani zinazojizima, pipa la taka linalojifungua. Nikawauliza, ni kazi gani kwenu inamwamsha mtu usiku? Wa uswahilini wakasema maji ya bomba, yanatoka saa nane. Waliotoka juu mlimani wakasema mfongo.

Kwa msomaji asiye wa Kilimanjaro: mifongo ni mifereji ambayo wazee wa Kichagga waliichimba ubavuni mwa mlima, tangu kabla ya Wajerumani kufika, kuyatoa maji kwenye mito ya mabondeni na kuyapeleka vihambani, kwenye migomba na kahawa. Maji yana zamu. Kwa kina binti yule, usiku maji hukusanywa kwenye bwawa dogo, asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu. Tatizo ni kujua limejaa lini. Likijaa bila mtu kujua, yanamwagika. Mtu anapanda gizani na tochi kwenda kuchungulia, wakati mwingine mara mbili kwa usiku mmoja, na kwao mtu huyo ni kaka yake wa darasa la sita.

Walichobuni ni kihisi kinachofungwa juu ya bwawa na kupiga mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Mlio unagonga maji, unarudi, na bodi inahesabu umekaa muda gani. Sauti hewani inakwenda takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha kwa muda, gawanya kwa mbili kwa kuwa imekwenda na kurudi, umepata umbali mpaka kwenye maji. Likijaa, taa inawaka nyumbani.

Mada hii ya sauti kurudi nilishaifundisha darasani. Wote wana maelezo yake kwenye madaftari, yameandikwa vizuri, wameyakariri kama sala. Lakini walipofika kwenye kugawanya kwa mbili hakuna aliyejua kwa nini. Yule kijana wa reli ndiye aliyeuliza: "Kwani si mwangwi tu huu?" Ukimya. Halafu maabara nzima ikalipuka. Mwangwi! Wale wa mlimani wote wameshawahi kusimama kwenye ukingo wa korongo na kuita, wakasikia jina likirudi kutoka ng'ambo. Kumbe ni hicho. Kwenda, na kurudi. Mbili.

Neno moja. Nilikuwa nalo miaka yote hiyo na sikuwahi kulitamka mbele ya ubao.

Safari ya Arusha ilianza alfajiri kwa Noah mbili, Kiberenge kikiwa ndani ya boksi la viatu mapajani mwa kijana wa reli. Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River. Kufika Tengeru mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, na wengine ndiyo walikuwa wanauona kwa karibu mara ya kwanza, ingawa ni kilometa 80 tu kutoka kwao.

Mzunguko wa kwanza tuliboronga. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa na jua lilianguka moja kwa moja juu ya meza. Vihisi vya mstari vinafanya kazi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na jua limejaa mwanga huo, kwa hiyo Kiberenge hakikuona tena tofauti ya nyeusi na nyeupe. Kilitangatanga sekunde 20 kikaanguka mezani, waya mmoja wa betri ukakatika na betri yenyewe ikabonyea. Nilimwona kijana wa reli akikiokota kwa mikono miwili na sikujua nimwambie nini.

Kabla sijafika walipo, timu ya shule moja ya Arusha ilikuwa imeshasogea na chuma cha kulehemu. Hawa ni watu tuliokuwa tunashindana nao, na mzunguko wa pili walikuwa wanacheza meza hiyo hiyo. Wakatupatia na betri mbili zilizojaa. Dada mmoja wa timu yao akasema, "Sisi jua lilitupiga jana kwenye majaribio. Kivisheni sketi." Watoto wangu wakakata karatasi ya manila, wakaipaka wino mweusi, wakaizungusha kwenye vihisi mpaka karibu iguse bango. Mzunguko wa pili Kiberenge kilifuata mstari wote, kikageuka tundu kumi zake, kikafikisha mizigo miwili kati ya mitatu. Woodie Flowers, profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani aliyefariki 2019, ndiye aliyewafundisha watu wa FIRST kwamba unaweza kushindana kwa nguvu zako zote huku ukimheshimu na kumsaidia unayeshindana naye. Wao waliyaandika hayo kwenye mabango yao. Sisi tuna neno uungwana, na siku ile tuliliona likitembea na chuma cha kulehemu mkononi.

Chumba cha majaji sikuruhusiwa kuongea, niliruhusiwa kukaa nyuma tu. Majaji walikuwa watatu. Wa kwanza aliuliza kwa Kiingereza, na nikauona ule ukimya ukirudi, mabega yakishuka mmoja baada ya mwingine. Nilishika kiti. Ndipo jaji wa katikati, mama mmoja mhandisi, akasema: "Wanangu, jibuni kwa lugha mnayofikiria."

Sitaandika yote waliyoyasema, yalichukua dakika 12. Binti wa tochi alieleza bwawa, alieleza kaka yake, alichora mwangwi hewani kwa kidole. Mama mhandisi akamuuliza: na kukiwa na jani linaelea juu ya maji, kihisi chenu hakitadanganyika? Nilijua swali hilo ni gumu. Kijana wa reli akajibu kwamba wanapima mara tano, wanapanga majibu kutoka dogo mpaka kubwa, wanachukua la katikati, kwa sababu jani linapita lakini maji yanabaki. Jaji aliacha kuandika akamtazama. Jamani, mtoto wa kidato cha kwanza.

Nafahamu hoja ya upande wa pili, na wanaoileta si watu wabaya. Mtihani ni wa Kiingereza. Maelezo ya vifaa ni ya Kiingereza. Programu yenyewe imeandikwa kwa maneno ya Kiingereza na hilo halibadiliki. Ni kweli, na ndiyo maana kila mmoja wao alikuwa na daftari lenye safu mbili: upande huu alivyoelewa, upande huu jina lake kwenye mtihani. Programu waliisoma kwa sauti kwa namna yao, "kama umeona nyeusi kushoto, geuka kushoto, la sivyo, nenda," huku macho yakiwa kwenye maneno ya kigeni. Hawakuchanganyikiwa hata kidogo. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula niliweka swali la mwangwi. Binti wa tochi aliandika nusu ukurasa wa Kiingereza chake mwenyewe, sarufi ikiwa imepinda huku na huku, fizikia ikiwa imenyooka kabisa. Hakukuwa na sentensi hata moja ya kukariri. Nilimpa alama zote na nikakaa na karatasi ile muda mrefu kabla ya kuchukua nyingine.

Ijumaa iliyopita tuliwaalika wazazi kuja kuona. Walikuja 9, wengi wakitoka kazini. Mama yake binti anauza ndizi soko la Mbuyuni; alifika amechelewa, na kanga yake ya kazi, akasimama mlangoni akiomba radhi. Nilimwambia karibu mama, shikamoo, ingia tu. Binti yake akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye beseni la maji waliloligeuza bwawa. Akamweleza. Mwanzoni kwa Kiswahili, halafu wakahamia Kichagga na mimi nikabaki naangalia mikono tu: hapa mlio unatoka, pale unagonga, huku unarudi. Mama alijaza maji kwa kopo, taratibu, mpaka taa ikawaka. Akayapunguza, ikazima. Akajaza tena.

Kisha akainama kukiangalia kihisi, akavisogelea vile vijicho viwili, na akauliza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Na ukungu ukishuka? Kule kwetu saa kumi alfajiri kila kitu kinalowa. Hivi vijicho vikilowa vitasikia?"

Binti alifungua mdomo, akaufunga. Akanitazama. Nikainua mabega, kwa sababu hatukuwahi kujaribu. Akavuta daftari lake kutoka kwenye begi, akafungua ukurasa mpya, akaandika swali la mama yake juu kabisa, na chini yake akaanza kuchora jinsi watakavyolijaribu.